Shajara ya mradi: vyungu, kuni na chumvi ya Uvinza

Uvinza ni mji mdogo wa mkoa wa Kigoma, kwenye Reli ya Kati, pale mto Ruchugi unaposhuka kutoka Buha, nchi ya Waha, na kuingia mto Malagarasi. Karibu na makutano hayo hutoka chemchemi za maji ya chumvi, na hizo ndizo zilizouzaa mji. Wanaakiolojia waliochimba hapo miaka ya 1960 walikuta tabaka nene za majivu, mkaa na vigae, na vipimo vya kaboni vikaonyesha kwamba chumvi ilikuwa ikichemshwa tangu karne ya 5 au ya 6 BK. Mwaka 1858 mpelelezi Mwingereza Richard Burton alipopita akielekea Ujiji, chumvi ya Wavinza ilikuwa bidhaa ya misafara, inakwenda ziwani, Buha na Unyamwezi. Wajerumani wakapaita Gottorp na kuifanya kazi hiyo ya kampuni. Reli ikafika Kigoma mwaka 1914.

Mradi huu unairudia kazi ya vyungu hatua kwa hatua, kwa vipimo. Swali ni moja: kilo moja ya chumvi ilikula kuni kiasi gani, na kila hatua iliokoa au ilipoteza kiasi gani? Uwanja wa jaribio uko mbali na chemchemi zenyewe. Chemchemi zina wenyewe, na majivu yaliyofukiwa pale ni kumbukumbu isiyofaa kupigwa jembe na mtu asiye na kibali. Maji ya chumvi tumeyatengeneza wenyewe kwa nguvu inayojulikana, ili matokeo yalinganishike.

SIKU YA 1 HADI 3: MAJI

Kabla ya udongo na moto tulipiga hesabu, kwa sababu mambo mengine yote yanaitegemea. Anayechemsha chumvi kwa kweli anachemsha maji; chumvi ni kile kinachobaki. Maji yenye chumvi asilimia 6 kwa uzito hudai kilo 15.7 za maji zigeuke mvuke ili ipatikane kilo 1 ya chumvi. Yenye asilimia 12 hudai kilo 7.3. Yenye asilimia 18, kilo 4.6. Yaliyoshiba kabisa, asilimia 26, hudai kilo 2.8 tu. Ukitia ndoo moja ya maji matamu ya mto kwenye maji yako ya chumvi, hujaongeza kitu isipokuwa mzigo wa kuni.

Hapo ndipo panapoeleweka kwa nini kazi ya Uvinza ilikuwa ya kiangazi. Masika mito hufurika, maji matamu huzifunika chemchemi, na kinachotoka hakistahili moto. Watu walipiga kambi maji yaliposhuka na kuvunja kambi mvua ziliporudi. Ndiyo sababu pia kisima cha chumvi hujengewa kingo za udongo: kazi yake ni kuyazuia maji matamu yasiingie. Maji ya chumvi ni mazito, hukaa chini. Matamu huelea juu. Anayechota kwa fujo huyachanganya mwenyewe. Tuliweka pipa la lita 200, nusu maji ya asilimia 12 na juu yake maji matamu yaliyomiminwa polepole kupitia ubao unaoelea. Kesho yake asubuhi maji ya chini yalikuwa bado asilimia 12, ya juu hayakufika hata asilimia 2. Kisha tukachota ndoo tano kwa kuzitumbukiza na kuzivuta kwa nguvu. Pipa zima likawa maji ya namna moja, dhaifu. Tangu siku hiyo tunachota kwa kibuyu chenye shingo ndefu, kinazamishwa kimezibwa kwa kidole na kufunguliwa kikifika chini.

Maji ya jaribio: kwa kila lita 100, kilo 13 za chumvi ghafi ya mawe na lita 95.6 za maji. Chemchemi haitoi chumvi tupu, kwa hiyo tuliongeza gramu 200 za jasi iliyosagwa na gramu 300 za chumvi ya haluli, ambayo ina magnesi, ili ukoko na uchungu wa mwisho navyo vijitokeze. Jasi huyeyuka kwa uvivu. Ikorogwe na iachwe usiku kucha.

Vipimo viwili. Haidromita, chombo kinachoelea na kuonyesha uzito wa maji: asilimia 6 husoma 1.04, asilimia 12 husoma 1.09, asilimia 18 husoma 1.13, yaliyoshiba husoma 1.20. Asiye nayo atumie yai bichi lililotagwa karibuni: chini ya asilimia 11 hivi linazama, kwenye asilimia 12 linaanza kuinuka. Yai la zamani halifai, kwa kuwa hewa iliyomo ndani hulifanya lielee mapema na likudanganye.

SIKU YA 4 HADI 21: VYUNGU

Vyungu 14, vya mviringo chini, mdomo sentimita 30, ujazo lita 11, vya kutiwa lita 8. Udongo mfinyanzi ulilowekwa siku nne, ukachujwa kwa kitambaa cha gunia, ukachanganywa na vigae vilivyopondwa na kuchekechwa: vipimo vinne vya udongo kwa kimoja cha vigae. Vigae ndivyo vinavyokiwezesha chungu kustahimili moto. Udongo mtupu hujikunja sana ukikauka, na ukipashwa upande mmoja hupasuka moja kwa moja kutoka chini hadi shingoni. Chembe za kigae huukatiza ufa njiani.

Unene wa ukuta ni milimita 8 hadi 9. Chungu kinene huonekana imara, lakini kinachelewesha joto, na tofauti ya moto wa nje na maji ya ndani ikiwa kubwa mno ndiyo inayokivunja. Chembamba cha milimita 6 kilichemka haraka kuliko vyote na kilikufa siku ya pili ya kazi.

Kukausha: siku 12 kivulini, vimegeuzwa kila asubuhi. Hapa tulikosea. Vyungu vitatu vilikaa juu ya ardhi badala ya majani makavu, vitako vikabaki na unyevu usioonekana. Vilipochomwa, vilipasuka kwa mlio ndani ya dakika 20 za kwanza. Maji yaliyomo udongoni yaligeuka mvuke yakakosa pa kutokea. Kimoja kingine kilipata ufa wa shingo kwa sababu upepo ulibadilika na kuupeleka moto wote upande mmoja. Vikabaki 10. Kila kimoja hugongwa kwa kifundo cha kidole: kilicho salama hulia kama kengele ndogo, chenye ufa hujibu kwa sauti ya mti.

Chungu kipya huvuja, na maji ya chumvi ni mabaya zaidi kwa kuvuja. Yakipita kwenye vitundu vya ukuta hukauka upande wa nje, chembe za chumvi hukua ndani ya udongo wenyewe na kuubambua maganda kwa maganda. Dawa yake ni uji. Chemsha uji mwembamba wa mahindi, lita 3 kwa chungu, uzungushe mpaka shingoni, uache upoe humo, umwage, kisha ukipashe chungu kitupu kwa moto mdogo mpaka ndani pageuke rangi ya kahawia. Wanga huziba vitundu. Vyungu viwili vilivyorukwa hatua hii vilikuwa na ndevu nyeupe nje baada ya masaa matatu.

SIKU YA 24: MAFIGA MATATU

Jaribio la msingi, la kulinganishia mengine. Chungu kimoja, mafiga matatu, kuni kavu za myombo zilizokatwa na kuanikwa miezi kadhaa, maji ya asilimia 12, lita 24 kwa jumla, zikiongezwa kila chungu kilipopungua.

Muda: masaa 9. Kuni: kilo 39. Chumvi: kilo 3. Yaani kilo 13 za kuni kwa kilo 1 ya chumvi. Gunia la kilo 50 lingetaka kilo 650 za kuni, na hizo ni kuni kavu.

Joto lilienda wapi? Mengi yalipanda na upepo pembeni mwa chungu. Ukiweka mkono nusu mita kutoka kwenye mafiga unalipata. Lakini kulikuwa na hasara nyingine, ya taratibu. Kila tulipomimina maji baridi kwenye chungu kinachochemka, mchemko ulikatika kwa dakika 10 au zaidi, na mara ya nne chungu kilitoa ufa wa nywele kwenye kitako. Maji ya kuongeza sharti yawe ya moto tayari.

Chungu hiki kilikaushwa hadi tone la mwisho, makusudi. Chumvi ilitoka ya kijivu, yenye uchungu ulimini, na siku mbili baadaye ilikuwa inatoa jasho ndani ya sahani. Sababu ni ile magnesi ya chumvi ya haluli: haigandi pamoja na chumvi, hubaki majini hadi mwisho, na ukilazimisha mwisho huo unaipata ndani ya chumvi yako, ambako huvuta unyevu wa hewa. Kuanzia hapa hakuna chungu kinachokaushwa.

SIKU YA 26 HADI 33: MTARO

Jiko la mtaro huweka vyungu kwa safu juu ya moto mmoja, ili joto linalokikwepa cha kwanza likamatwe na cha pili. Wetu una urefu wa mita 2.4, upana sentimita 35 juu, kuta za matofali mabichi na udongo, vyungu 6. Ulijengwa mara mbili.

Mara ya kwanza tuliuchimba kwa kina sawasawa, sentimita 40, dohani fupi ya sentimita 60. Moto ulikaa mdomoni ukafuka. Chungu cha 1 na cha 2 vilichemka, cha 3 kilitokota kidogo, vitatu vya nyuma vilikuwa vuguvugu. Mambo mawili yalirekebishwa. Sakafu sasa inapanda: kina ni sentimita 45 mdomoni na 25 kwenye dohani, hivyo miali inalazimika kulamba vitako vya nyuma badala ya kupita chini yake. Na dohani imeinuliwa hadi mita 1.5. Urefu huo ndio unaovuta. Dohani fupi haiwezi kuushinda upepo wa mchana.

Mwelekeo nao: mdomo unautazama upepo wa kawaida wa kiangazi, ila una kizuizi cha matofali mita moja mbele. Bila kizuizi upepo mkali hupuliza ndani na kuni huisha kwa mwali mrefu unaotokea dohanini bila kufanya kazi.

Nafasi kati ya chungu na ukuta huzibwa kwa udongo uliochanganywa na majani makavu yaliyokatwakatwa. Ziba vizuri. Tundu la upana wa vidole viwili kati ya chungu cha 2 na cha 3 lilitosha kuvifanya vya nyuma vichelewe kwa zaidi ya saa moja. Maji ya chumvi yakimwagikia udongo huu huumumunya baada ya siku chache, kwa hiyo ukarabati wa asubuhi ni sehemu ya kazi, kila siku ya moto.

SIKU YA 36: MCHEMSHO KAMILI WA KWANZA

Lita 100, asilimia 12, kuni kavu zilizopimwa. Mpango wa vyungu ni huu: maji mapya huingia cha 6 na cha 5, yapashwe tu na joto la mwisho. Kutoka hapo huhamishiwa cha 1 na cha 2, kwenye moto mkali, yapungue mpaka yakaribie kushiba. Kisha huhamishiwa cha 3 na cha 4, penye moto wa wastani, ndiko chumvi huangukia. Anayeona ajabu kwamba maji yanaruka kutoka nyuma hadi mbele na kurudi katikati, asome sehemu ya ukoko hapa chini.

Saa ya kwanza ni povu. Huja la kijivu, lenye majivu na vumbi, na huenguliwa kwa kata. Likiachwa linarudi chini na kuichafua chumvi.

Kisha ukoko. Jasi haiwezi kusubiri. Maji yakipungua karibu nusu huanza kushika kitako kabla chumvi haijaonekana. Ni gamba gumu, jeupe la kijivu, na ni adui wa chungu kwa njia mbili: huzuia joto lisifike majini, na kwa sababu hiyo kitako cha udongo hupata moto kupita kiasi. Siku likipata ufa, maji hupenya chini yake, hugeuka mvuke ghafla na kung'oa kipande cha chungu. Ndiyo maana moto mkali na ukoko vimewekwa pamoja katika cha 1 na cha 2, na vyungu vya kuangushia chumvi vimewekwa kando na jasi. Cha 1 ni cha kufa. Kila mpango wa mtaro uwe na chungu kinachojulikana mapema kwamba ndicho kitakachokufa, na kiwe rahisi kung'olewa bila kubomoa safu.

Kujua wakati wa kuhamisha kulitusumbua. Haidromita ilisoma 1.16 nasi tukasubiri ifike 1.20, tukasubiri mno, chumvi ikaanza kuangukia ndani ya cha 1, juu ya ukoko. Kosa ni letu: maji moto ni mepesi. Yaliyoshiba yakiwa yanachemka husoma karibu 1.16, na 1.20 ni ya maji yaliyopoa. Ama chota kikombe, kipoze, ndipo upime, ama uangalie ukingo wa maji: chembe za kwanza zikishika ukutani usawa wa maji, wakati umefika. Mtu mwenye kipimajoto ana njia ya tatu, kwani maji yaliyoshiba huchemka takriban nyuzi 9 juu ya maji matupu ya mahali palepale.

Kati ya cha 1 na cha 3 maji hutulia robo saa kwenye mtungi uliozungushiwa majani makavu, chembe za jasi zishuke. Usimimine sentimita mbili za mwisho.

Katika cha 3 kazi hubadilika. Moto hapa usiwe wa kububujika. Utando mwembamba hutanda juu ya maji, na ukiinama na kuutazama kwa karibu unaona kwamba si utando. Ni vijifaneli vya pembe nne, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele, kimefumwa kwa ngazi ngazi za mraba, mdomo juu na ncha chini, kinaelea. Kinaongezewa ukingo mpya kila kinapozama kidogo, mpaka uzito unakishinda nacho kinateremka kwenye kitako. Chumvi iliyoundwa hivi ni nyepesi na huyeyuka upesi mdomoni. Ukichochea moto, vijifaneli havipati muda. Unapata unga laini, mzito, unaoshikamana. Zote ni chumvi. Ila ile ya moto wa pole humwaga maji yake kwa urahisi kapuni, na hiyo ni faida ya kweli.

Huenguliwa kila dakika 20 hivi kwa kibuyu kilichotobolewa, hutiwa kwenye kapu linaloning'inia juu ya beseni, na matone yote hurudi chunguni. Asishawishike mtu kuisuuza kwa maji matamu ili ing'are: lita moja hubeba gramu 360 za chumvi yako. Suuza kwa maji yaliyoshiba, kikombe kimoja kwa kapu.

Tulisimama zilipobaki lita 4. Hayo ndiyo maji machungu, yenye rangi ya chai hafifu. Yamehifadhiwa kwenye dumu.

Matokeo: masaa 13, kuni kilo 82, chumvi kavu kilo 11.6. Ni kilo 7.1 za kuni kwa kilo ya chumvi, dhidi ya 13 za mafiga. Takriban kilo 1 ya chumvi imebaki kwenye maji machungu na nyingine gramu 400 zimepotea kwa kumwagika na kwenye ukoko. Chumvi haikutoa jasho baada ya siku kumi.

SIKU YA 41: KUNI MBICHI

Mchemsho uleule kwa kuni za myombo zilizokatwa wiki hiyohiyo. Zilipoisha kilo 82 maji yalikuwa bado hayajafika nusu ya safari, moshi umejaa uwanjani na dohani imeshika lami. Tulisimamisha na kumalizia kwa kuni kavu. Kuni mbichi karibu nusu yake ni maji, na maji hayo nayo lazima yachemke kabla mti haujaanza kukupa kitu. Kwa hiyo unachemsha maji mara mbili, ya chungu na ya mti. Kambi ya kiangazi iliyokata kuni zake siku ya kufika ilikuwa inajitakia hasara. Kuni za msimu huu zilistahili kukatwa msimu uliopita.

SIKU YA 45 HADI 52: JUA KWANZA

Hili ndilo jaribio lililobadilisha hesabu kuliko yote. Sinia la ardhini la mita 2 kwa 3, kingo za udongo za sentimita 12, limetandikwa turubai nyeusi. Lita 100 za asilimia 12 humo ni kina cha chini ya sentimita 2. Kwa jua na upepo wa kiangazi yalipungua lita 24 kwa siku. Jioni ya siku ya pili yalisoma karibu asilimia 21, bila kijiti kimoja cha kuni.

Yalipoingia mtaroni yalimalizika kwa kilo 42 na masaa 7. Chumvi kilo 11.4. Kuni kilo 3.7 kwa kilo ya chumvi. Gunia la kilo 50 sasa linataka kilo 185 badala ya 650.

Hitilafu zilikuwa nyingi, zote ndogo. Ardhi haikuwa sawa, maji yakakusanyika kona moja na kuacha sehemu kavu isiyofanya kazi. Isawazishwe kwa bomba la maji la mafundi, si kwa macho. Vumbi la mchana huingia, hivyo maji yachujwe yakienda chunguni. Mbuzi hupenda chumvi, na kwato moja hutoboa turubai. Boma la miiba ni la lazima. Maji yakizidi kukolea hukauka polepole zaidi, kwa hiyo siku ya tatu haina faida kubwa kama ya kwanza. Kwa kina hiki tunayatoa yakifika asilimia 21 hadi 22. Yakipita hapo na kushiba, chumvi huanza kuangukia kwenye sinia pamoja na vumbi lake.

Mashamba ya chumvi ya pwani, Bagamoyo kwa mfano, huliachia jua kazi yote, kwa sababu yana eneo pana na maji ya bahari yasiyo na mwisho. Kwa mtu mwenye uwanja mdogo na chemchemi, jua limalize nusu na moto umalize nusu. Laiti misitu ya myombo ya bonde la Malagarasi ingelipwa kwa kila kilo iliyookolewa namna hii.

SIKU YA 55: MADINI JOTO

Chumvi itakayoliwa lazima itiwe madini joto, yaani ayodini. Nyanda zilizo mbali na bahari zimesumbuliwa sana na tezi la shingo. Tunatumia ayodeti ya potasiamu, kwa kuwa ayodidi hupotea upesi kwenye unyevu na jua. Lengo ni miligramu 50 za ayodini kwa kilo, ambayo ni gramu 84 za ayodeti kwa tani. Kwa kilo 11.4 ni chini kidogo ya gramu 1, na hapo ndipo penye hatari: mizani ya jikoni haiwezi kupima hiyo. Pima gramu 10 kwenye mizani ya sonara, yeyusha kwenye lita 1 ya maji, kisha chukua mililita 96 za mchanganyiko huo kwa bomba la sindano.

Nyunyiza huku chumvi ikigeuzwa, kwenye turubai, kwa tabaka tatu. Mara ya kwanza tulimimina yote juu na kukoroga. Matone ya kupimia yalitoa buluu nzito kwenye sampuli mbili, hafifu kwenye tatu, na moja haikugeuka kabisa. Kwa tabaka tatu na kugeuza dakika 10, sampuli zote sita zilikaribiana. Chumvi yenye majimaji haipokei sawasawa, ikaushwe kwanza.

SIKU YA 60: HALI YA VYUNGU

Baada ya michemsho mitano: cha 1 kimekufa mara mbili, cha 2 mara moja, cha 3 hadi cha 6 vizima. Vilivyobaki bila kazi kwa wiki nzima vikiwa na chumvi ukutani vimebambuka ndani, maganda ya unene wa karatasi, ingawa havikuguswa na moto. Ama chungu kiwe kazini, ama kilowekwe maji matamu siku mbili na kukaushwa. Ukikiona kifo cha vyungu kwa kasi hii huoni tena ajabu kwa nini kando ya chemchemi za Uvinza vigae vimelala kwa tabaka.

Vigae vya vyungu vitatu vilivyokufa vimeanza kupondwa kwa ajili ya vipya, lakini si moja kwa moja. Chumvi iliyomo ndani yake huufanya udongo mpya uwe mlegevu na kutoa unga mweupe ukikauka. Vimelowekwa, maji yakibadilishwa kila asubuhi. Maji ya kwanza yalisoma 1.03, ya pili 1.01, ya tatu haidromita haikuona kitu. Ya kwanza yamemiminwa kwenye sinia la jua. Vipande vinakauka juu ya majani, na udongo wa vyungu 8 umekwisha kuchujwa.